Gawanya Nyumba Yako kwa Kiambaza

Mkulima anapohamia katika shamba la skimu, kazi humjia kutoka kila upande. Boma la ng'ombe lataka kujengwa, shamba lataka kulimwa, na deni la ardhi lataka kulipwa. Basi watu wengi hujenga nyumba yenye chumba kimoja kikubwa, wakisema, "Tutaigawanya baadaye." Miaka hupita, na watoto wangali wanalala karibu na moto wa kupikia, kando ya magunia ya mahindi yaliyotiwa dawa ya fukusi.

Jambo hili si dogo. Moshi wa kuni huwadhuru watoto wachanga mapafuni, na huwaletea kikohozi na homa ya mapafu. Dawa ya kuua wadudu nayo haifai kuwa mahali pa kulala. Kiambaza kimoja cha fito na udongo chaweza kuondoa taabu hiyo, na vitu vingi vya kukijengea viko shambani.

Pima Kwanza

Tuseme nyumba yako ina urefu wa futi 24 na upana wa futi 12. Chagua mahali penye boriti juu, ili nguzo zipate pa kupigiliwa. Angalia pia kwamba kila upande utakuwa na dirisha lake. Kama upande mmoja hauna, toboa dirisha hilo kabla hujachimba shimo hata moja. Usikate nguzo wala boriti yo yote iliyoshika paa.

Vuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Weka mlango mwishoni mwa kiambaza, si katikati, ili ukifunguliwa uegemee ukuta wa nyumba na usile nafasi ya kitanda. Uache futi mbili na nusu.

Nguzo na Fito

Utahitaji nguzo 7 zenye unene wa inchi 3 au 4: mbili za mlango, na tano za sehemu iliyobaki, kila moja karibu futi mbili kutoka kwa mwenzake. Mtarakwa ni bora, kwa kuwa mchwa haupendi kiini chake. Ukitumia mkaratusi au muwati, ondoa maganda, ukaushe vizuri, na utie dawa ya mchwa kwanza. Chimba mashimo ya futi moja na nusu, simamisha nguzo, uzinyoshe kwa timazi, kisha ushindilie mawe na udongo kwa nguvu. Nguzo ikilegea leo, ukuta utapasuka kesho.

Pigilia fito pande zote mbili, kila baada ya inchi 6. Kwa ukuta wa futi 8 kwenda juu zatosha fito 34, pamoja na chache za juu ya mlango. Usiishie kwenye boriti. Endelea kwa fito nyembamba mpaka mabatini, kwa maana moshi na panya hupita palipoachwa wazi.

Udongo

Changanya udongo mwekundu na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Tia maji, uukanyage, uuache usiku kucha, kisha uukanyage tena. Jaza kati ya fito kuanzia chini. Ukikauka utapasuka hapa na pale, usiogope. Ngoja mpaka ukauke kabisa, ndipo uzibe nyufa na kukandika mara ya pili kwa udongo laini uliochanganywa na mchanga na mavi ya ng'ombe. Mwisho paka chokaa, chumba kipate mwangaza. Kila mwezi tazama chini ya ukuta. Ukiona njia ya mchwa, ibomoe na utie dawa mara moja.

Onyo Kubwa

Katika Kinangop, ambako mashamba mengi yako juu ya futi 8,000, usiku huwa na baridi kali, na mtu hutamani kuingiza jiko la makaa chumbani. Usifanye hivyo kamwe! Chumba kilichogawanywa ni kidogo kuliko cha kwanza, na hewa yake ni kidogo vilevile. Makaa, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hushikwa na usingizi, wala haamki tena. Ongeza blanketi, na jiko lilale nje.

Kazi hii yataka ukavu, kwa hiyo ifanye wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Baba na vijana wachimbe na kupigilia, mama aonyeshe mahali pa mlango na pa kitanda, maana ndiye ajuaye nyumba inavyotumika. Ukuta ukikauka, hamisha kwanza watoto. Magunia na dawa viende upande wa pili, na dawa ifungiwe kwa kufuli.