Kengele ya Moscow na Kijana wa Majita

Haya wapwa zangu, sogeeni. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, mtu akishika nafasi ya pili, ameshindwa?"

Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza hivyo ana akili inayotembea. Leo namwachia shahidi ajibu. Shahidi mwenyewe ni kengele. Msikilizeni.

"Mimi ni kengele ya Uwanja wa Lenin, mjini Moscow. Kazi yangu ni moja tu: mzunguko mmoja ukibaki, nalia. Siku hiyo ilikuwa Agosti 1, 1980, fainali ya Olimpiki ya mita 5,000. Hiyo ni mizunguko 12 na nusu! Kati ya wakimbiaji alikuwemo Suleiman Nyambui wa Tanzania, mzaliwa wa Majita, kando ya Ziwa Victoria."

"Kengele, mbona hawakukimbia kwa nguvu zote tangu mwanzo?"

"Umeuliza vyema, mtoto! Umemwona bibi akisonga ugali? Hachochei kuni zote kwa mara moja. Moto ungewaka sana, kisha ungezimika ugali ukiwa mbichi. Huchochea chache, nyingine huziweka kando. Mkimbiaji naye ana kuni zake za akiba.

"Basi wakazunguka. Nikanyamaza. Wakazunguka tena. Nikanyamaza. Kila mmoja anamchungulia mwenzake: nani amebakiza kuni?

"Kisha nikalia! Hapo kuni zote zikaingia jikoni. Miruts Yifter wa Ethiopia akachomoka. Huyo siku chache kabla alikuwa ameshinda mita 10,000. Nyambui akamkimbilia. Kaarlo Maaninka wa Finland naye hakubaki nyuma, wala Eamonn Coghlan wa Ireland. Watu wanne, medali tatu!

"Yifter akafika kwa dakika 13 na sekunde 20.91. Nyambui, 13 na 21.60. Maaninka, 13 na 22.00. Coghlan akawa wa nne, akatoka mikono mitupu."

Ahsante, kengele. Sasa wapwa zangu, chukueni sekunde moja, muikate vipande 100. Yifter alimtangulia Nyambui kwa vipande 69 tu. Nyambui akamtangulia Maaninka kwa vipande 40 tu. Na hapo wote wametoka kukimbia kilomita tano!

"Mjomba, kila nchi ilikwenda Moscow?"

Hapana, na umefanya vizuri kuuliza. Marekani haikwenda, kwa sababu majeshi ya Umoja wa Kisovyeti, nchi iliyokuwa mwenyeji wa michezo, yalikuwa yameingia Afghanistan. Ilitaka na sisi tusiende. Ikamtuma bondia Muhammad Ali mpaka Dar es Salaam. Rais wetu wa wakati ule, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, hakukubali kuonana naye. Si kwamba Mwalimu alipenda michezo kuliko haki. Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Montreal, kwa kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Mwaka 1980 tuliamua wenyewe tena, na uamuzi wetu ukawa kwenda.

Basi, nafasi ya pili ni kushindwa? Yifter alishinda, na tumpe heshima yake. Lakini Nyambui alikuwa wa pili katika fainali ya Olimpiki siku ile, na mbio zake hazikuishia pale. Mwaka 1987 alishinda marathoni ya Berlin. Mwaka 1988 akairudia, akashinda tena.

Siku moja kabla ya medali ya Nyambui, Filbert Bayi naye alipata medali ya fedha Moscow, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, Tanzania ilikuwa na medali hizo mbili tu za Olimpiki. Moja ni ya Nyambui, mtoto wa Majita, mkoani Mara.

Nawe unayekimbia kwenda shule, uwe Musoma, Bunda au Butiama, lishike jina la Suleiman Nyambui. Uliza, fanya mazoezi, tunza kuni zako. Medali ya tatu bado haina mwenyewe.