Kuhamisha Mashine Iliyolala Bila Kuiamsha: Mfano kwa Somo la Tafsiri

Utangulizi

Muhula uliopita wanafunzi wa somo la tafsiri walipewa kurasa chache za mwongozo wa kompyuta wazitafsiri kwa Kiswahili. Mwongozo huo ulieleza jinsi mafundi wanavyohamisha kompyuta pepe kutoka seva moja hadi nyingine. Kazi ziliporudishwa, jambo moja lilijitokeza. Mwongozo ulitaja hali mbili tofauti za mashine, na Kiingereza kinazo istilahi mbili za hali hizo. Karibu kila mwanafunzi alizitia zote mbili katika neno moja: kusimamishwa. Sarufi ilikuwa nzuri na sentensi zilisomeka vizuri. Hata hivyo, fundi ambaye angeifuata tafsiri ile asingejua ni mashine ipi inayopaswa kuendelea na kazi baada ya kuhamishwa, na ni ipi inayopaswa kuachwa ilale.

Makala hii inakusudia kueleza tofauti hiyo kwa lugha nyepesi. Aidha, itaonyesha kwamba hata watengenezaji wa programu wenyewe waliwahi kuzichanganya hali hizi, na kwamba kosa lao lilikuja kurekebishwa mwaka 2024. Msomaji asiyejua mambo ya kompyuta asiogope. Yote yanayohitajika yataelezwa humu.

Mashine pepe ni nini?

Neno pepe tumelizoea katika barua pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo la kushikika, yaani ni programu inayofanya kazi kama kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Inayo prosesa yake, kumbukumbu yake, diski yake na saa yake, lakini vyote hivyo vinatokana na kompyuta halisi iliyoibeba. Katika makala hii kompyuta halisi tutaiita mwenyeji, na mashine pepe tutaiita mgeni. Mwenyeji mmoja anaweza kupokea wageni wengi kwa wakati mmoja, na kila mgeni hujiona yuko peke yake nyumbani.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilikuwa na mifumo ya namna hii katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza mfumo wake wa VM/370. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ililileta wazo hilo katika kompyuta za kawaida. Kwa upande wa programu huria, mojawapo ya zinazotumiwa sana ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Hiyo ndiyo tutakayoitumia kama mfano wetu.

Kuhamisha mgeni akiwa kazini

Seva yoyote hufikia siku ya kufanyiwa matengenezo. Pengine inaongezwa kumbukumbu, pengine feni yake imeharibika. Njia ya zamani ilikuwa kuwazima wageni wote, kutengeneza, kisha kuwawasha tena. Wakati huo wote watumiaji hukaa wakisubiri. Njia ya sasa ni kumhamisha mgeni kwa mwenyeji mwingine huku akiendelea na kazi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao wa Copenhagen walichapisha makala iliyoonyesha seva ya mchezo wa Quake 3 ikihamishwa wakati watu wanacheza. Mchezo ulikatika kwa milisekunde 60 tu.

Inafanyikaje? Mara nyingi diski ya mgeni huwa katika hifadhi inayofikiwa na wenyeji wote wawili, kwa hiyo haina haja ya kuhama. Kinachohama ni kumbukumbu na hali ya prosesa na vifaa. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 4 kila mmoja. Mgeni mwenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 ana kurasa zaidi ya milioni 2. Kwa mtandao wenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, kuzinakili zote huchukua zaidi ya dakika moja.

Tatizo ni kwamba katika dakika hiyo mgeni anaendelea kuandika. Ukurasa ulionakiliwa mwanzoni unaweza kuwa umebadilika kabla ya wa mwisho kufika. Kwa sababu hiyo programu huweka alama kwenye kila ukurasa uliobadilika, na katika mzunguko wa pili hunakili hizo tu. Mzunguko wa tatu huwa na kurasa chache zaidi, na kadhalika. Zinapobaki chache sana, mgeni husitishwa kwa muda mfupi mno, kurasa za mwisho zinapelekwa pamoja na hali ya prosesa na vifaa, kisha mgeni anaendelea kule alikohamia.

Pamoja na hayo yote husafiri rekodi ndogo inayosema mgeni alikuwa katika hali gani: alikuwa anafanya kazi, au hapana? Katika QEMU rekodi hiyo iliongezwa mwaka 2015. Ni ndogo sana ukiilinganisha na kurasa milioni 2, lakini ndiyo inayomwambia mwenyeji mpya amfanye nini mgeni wake. Hapo ndipo kosa lilipotokea.

Kulala na kusitishwa

Mgeni anaweza kuwa hafanyi kazi kwa sababu mbalimbali. Tutazame tatu.

(a) Amezimwa. Kumbukumbu imepotea. Akiwashwa ataanza upya tangu mwanzo.

(b) Amesitishwa. Mwenyeji amezuia prosesa yake isiendelee. Amri imetoka nje, na mgeni mwenyewe hana habari. Kumbukumbu yake ipo. Akiruhusiwa kuendelea, atashika amri iliyokuwa inafuata kana kwamba hakuna kilichotokea.

(c) Amelala. Hapa ni mgeni mwenyewe aliyeamua, kama kompyuta ya mkononi inavyofanya unapoifunga kifuniko. Mfumo wake wa uendeshaji umevitayarisha vifaa kwa usingizi, kisha ukaomba kulala. Prosesa imetulia, kumbukumbu imehifadhiwa. Akiamshwa, mfumo wake unajua kwamba ulikuwa umelala. Kwa hiyo utaviandaa vifaa upya na kutazama saa kabla ya kuendelea.

Ukiwa mbali, (b) na (c) huonekana sawa: kumbukumbu ipo, kazi haifanyiki. Tofauti iko katika maswali mawili. Nani alianzisha hali hiyo? Na mgeni mwenyewe anajua? Aliyelala anajua. Aliyesitishwa hajui.

Kosa lilivyokuwa

Tuseme mhadhiri ameiacha mashine yake pepe imelala Ijumaa jioni, na usiku fundi anawahamisha wageni wote ili atengeneze seva. Jumatatu mhadhiri anatarajia kuikuta mashine kama alivyoiacha.

Kwa miaka mingi QEMU haikufanya hivyo. Ilipofika hatua ya mwisho ya kumhamisha mgeni aliyelala, upande unaotuma ulimwamsha kwanza, kisha ukaandika katika ile rekodi kwamba mgeni anafanya kazi. Upande unaopokea ulisoma rekodi na kuitii: ukamwacha mgeni aendelee. Matokeo yake ni kwamba aliyelala alifika akiwa macho, bila mwenye mashine kuagiza. Mpokeaji hakukosea, alifuata alichoandikiwa. Ni kama mzazi anayetaka kumhamisha mtoto aliyesinzia sebuleni ampeleke kitandani, akamwamsha, akamfikisha chumbani, kisha akamwambia mwenzake kwamba mtoto hakuwa amelala.

Mtu anaweza kudhani dawa ni kuifuta tu ile amri ya kumwamsha. Haikuwa rahisi hivyo. Mgeni aliyelala, katika programu ya wakati ule, hakuwa amesimama kikamilifu. Prosesa ilikuwa imetulia, lakini saa ya prosesa iliyotunzwa na programu iliendelea kutembea. Vilevile, sehemu za programu ambazo zilitakiwa kuarifiwa kwamba mashine imesimama hazikuarifiwa. Kama mgeni angehamishwa katika hali hiyo, muda usio sahihi ungeandikwa katika mzigo unaosafiri, na siku ya kuamka saa yake ingepotoka. Mashine ambayo saa yake imepotoka inaweza kuweka tarehe zisizo sahihi kwenye mafaili na kuvuruga kazi zilizopangwa kwa saa maalumu.

Lilivyorekebishwa

Marekebisho yaliingia katika QEMU toleo la 9.0, lililotolewa Aprili 2024. Yana hatua tatu ambazo msomaji sasa anaweza kuzifuata kwa urahisi.

Kwanza, mgeni aliyelala haamshwi. Anasitishwa kikamilifu akiwa amelala: saa inasimama, na sehemu zote zinaarifiwa. Pili, programu inaweka kumbukumbu kwamba kabla ya kusitishwa mgeni huyu alikuwa amelala, na kumbukumbu hiyo husafiri pamoja naye. Ilipatikana nafasi ndogo ndani ya rekodi ileile ya zamani, ili matoleo ya nyuma na ya mbele yaendelee kuelewana. Tatu, mwenyeji mpya anaposoma rekodi hamruhusu mgeni kufanya kazi. Anamrudisha usingizini, na hapo mgeni anakaa mpaka itakapotolewa amri ya kumwamsha.

Faida nyingine ilipatikana hapohapo. Fundi akimsitisha mgeni aliyelala kwa sababu yoyote, hata bila kumhamisha, kisha akamwondolea usitishaji huo, mgeni anarudi kulala wala hashtuki akajikuta kazini.

Msomaji atambue jambo moja: mgeni anaweza kuwa amelala na kusitishwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hizi si hali mbili zinazoshindania nafasi moja. Ya kwanza ni ya mgeni mwenyewe, ya pili amewekewa na mwenyeji. Ukiziita zote "kusimamishwa", sentensi ya kueleza marekebisho haya haiandikiki kabisa: mashine iliyosimamishwa ilisimamishwa ili ihamishwe ikiwa imesimamishwa.

Funzo kwa darasa la Kiswahili

Wanafunzi wetu hujifunza kauli za kitenzi tangu mwaka wa kwanza, na mara nyingi huziona kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mfano huu unaonyesha kazi yake. Kulala ni tendo la mtendaji mwenyewe. Kusitishwa kuna kauli ya kutendesha na kauli ya kutendwa, kwa hiyo neno lenyewe linatangaza kwamba yuko mwingine wa nje. Kadhalika hama na hamisha, amka na amsha. Mgeni aliyeamka na mgeni aliyeamshwa si mmoja, na kosa la QEMU lilikuwa hasa katika tofauti hiyo. Wanafunzi wanaozungumza Luganda wanayo jozi kama hiyo nyumbani: okuzuukuka na okuzuukusa.

Kwa hiyo tunapendekeza darasani: kulala kwa hali ambayo mashine imeiomba yenyewe; kusitishwa kwa hali iliyowekewa kutoka nje; kuzimwa pale ambapo kumbukumbu imepotea. Kusimama na kusimamishwa yabaki kuwa maneno ya jumla, yatumike pale tu ambapo tofauti haina madhara.

Mwalimu anaweza kulijaribu hili kwa zoezi dogo. Awape wanafunzi aya ya mwongozo, kisha kabla hawajaandika sentensi hata moja wajibu maswali yale mawili kuhusu kila hali: nani alianzisha, na mashine inajua? Majibu yakishapatikana, kitenzi hujileta chenyewe. Bila majibu hayo, hata kamusi nzuri haitamsaidia mfasiri, kwa sababu kamusi humpa maneno matatu ambayo yote yanaonekana kufaa.

Hitimisho

Kuhifadhi hali ya mashine si kunakili kumbukumbu yake peke yake. Ni kuhifadhi pia ukweli kuhusu ilivyokuwa: imelala, imesitishwa au inafanya kazi. Kurasa zote milioni 2 zinaweza kufika salama, na bado mashine ikafika ikiwa si ileile, kwa sababu ya neno moja lililoandikwa vibaya katika rekodi. Mfasiri naye hubeba mzigo wa namna hiyo. Tunawaomba walimu watakaolijaribu zoezi hili watuletee matokeo yake ofisini, hasa maneno ambayo wanafunzi wao watayapendekeza, ili tuyajadili katika kikao cha istilahi cha muhula ujao.