KIDONDA KIDOGO, DAKTARI MKUBWA!

Wapenzi wasomaji, wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya mahaba na mitindo ya nywele. Nataka tuongee nyongo. Si ile inayotumbukia kwenye mapenzi ya watu, bali nyongo yenyewe, ya tumboni.

Mama yangu mdogo ni mtu wa pilau. Shughuli ikiwepo mtaani hakosi. Ila mwaka jana kila akila mafuta, saa mbili hazipiti anajikunja. Maumivu yanaanzia chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani. Sisi tukasema gesi. Majirani wakasema karogwa. Akanywa mizizi ya kila rangi, wapi!

Kipimo cha utrasaundi ndicho kilichomuumbua mchawi: vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Ini hutengeneza nyongo, kile kifuko chini yake kinaitunza, na ukila mafuta kinajikamua ili kuitoa. Sasa kikijikamua huku jiwe limeziba mlango, hapo ndipo kimbembe!

Daktari akasema kifuko kitolewe. Mama mdogo akagoma kabisa. "Mwanangu, mie nipasuliwe kama samaki?" Akaambiwa siku hizi yapo matundu madogo tu. Ndiyo kwanza akaona anadanganywa. "Kiungo kizima kipite kwenye tundu?"

Basi mimi na elimu yangu ya kidato cha nne nikaingia kazini kusoma. Nikakutana na kisa cha jamaa mmoja ambacho sikutegemea.

Mtu wa kwanza kukitoa kifuko hicho alikuwa Carl Langenbuch, mjini Berlin, mwaka 1882. Baada yake, kwa miaka mia moja na zaidi, njia ilikuwa ileile: tumbo linafunguliwa. Madaktari wenyewe walikuwa na msemo kwamba mpasuaji mkubwa hupasua pakubwa.

Kisha akaja Erich Mühe, daktari wa mji mdogo wa Böblingen, Ujerumani. Alivutiwa na mwenzake Kurt Semm, daktari wa wanawake aliyetoa kidole tumbo kwa matundu mwaka 1980, naye akaandamwa na wenzake. Mühe hakuogopa. Tarehe 12 Septemba 1985 alijaza gesi tumboni kwa mgonjwa ili apate nafasi, akapitisha bomba lenye taa na la kutazamia, na akakitoa kifuko bila kulifungua tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza duniani!

Mwaka 1986 akaenda kuwasimulia wapasuaji wenzake wa Ujerumani. Unadhani alipigiwa makofi? Thubutu! Walimcheka. Wapo walioiita kazi yake upasuaji wa Mickey Mouse, na wapo waliosema tundu dogo ni dalili ya akili ndogo. Mwaka 1987 Mfaransa Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo kule Lyon, wenzake wa Ufaransa wakaieneza njia hiyo, Wamarekani wakaidaka, na jina la Mühe likafunikwa. Ni mwaka 1992 ndipo wapasuaji wa Ujerumani walipompa tuzo, na mwaka 1999 Wamarekani nao wakamtambua kuwa ndiye wa kwanza. Alifariki mwaka 2005.

Nikamsimulia mama mdogo yote hayo. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na madaktari nao walikuwa waoga kama mie." Wiki iliyofuata akakubali.

Alifanyiwa asubuhi, kesho yake jioni yuko nyumbani na plasta nne tumboni. Wale wa kufunguliwa tumbo hulazwa siku kadhaa, na kovu lake ni refu. Kifuko kikishatoka, nyongo inatiririka yenyewe kutoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo, na maisha yanaendelea.

Ila nisiwadanganye, wasomaji. Huduma hii haipo kila hospitali. Halafu mrija wa nyongo unaweza kujeruhiwa, kwa hiyo anatakiwa mpasuaji aliyeizoea kazi. Na mambo yakiwa magumu humo ndani, daktari hulazimika kufungua tumbo, na hapo hajashindwa, amekulinda. Pia wengi wana vijiwe visivyowasumbua na hawahitaji kisu chochote. Lakini ukiona maumivu yamekuja na homa, au macho yamekuwa ya njano, achana na mizizi, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Mwenzenu kilichoniuma ni kimoja. Mühe alichekwa na wasomi, na mama mdogo nusura aponzwe na sisi wa nyumbani tuliokuwa tunajua kila kitu. Kabla hujamcheka mtu au kumtafutia mchawi, ulizia kwanza.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi mtaani. Mnataka kujua nani alikuwa wa kwanza kwenye sinia la pilau? Mnamjua! Tukutane wiki ijayo.