Utangulizi: Kichwa Kisichotulia

Fani ya ushauri nasaha ninayokukaribisha humu haifundishi watu kuacha kuwaza. Kama hilo lingekuwa lengo lake, ingeshindwa mapema. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio dogo: wanafunzi waliambiwa wakae dakika tano bila kumfikiria dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Waligonga, tena na tena. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakuanza kwa kukatazwa. Ndiyo maana lile agizo la ndugu wema, "usiwaze sana", halijawahi kumletea mtu usingizi.

Wanasaikolojia hutenganisha kuwaza kunakofikia uamuzi na kuwaza kunakorudi palepale. Huku kwa pili nako kuna sura mbili. Susan Nolen-Hoeksema alichunguza watu wanaofukua yaliyopita, kwa nini nilisema vile, kwa nini mimi, akaonyesha kwamba mazoea hayo hurefusha huzuni. Thomas Borkovec alishughulikia hofu ya yajayo: itakuwaje nikiachishwa kazi, itakuwaje homa ya mtoto isiposhuka. Mwaka 1983 yeye na wenzake walijaribu dawa inayowachekesha wengi wanapoisikia mara ya kwanza. Mtu atenge nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, akae awaze kwa bidii. Wasiwasi ukimjia nje ya muda huo, auahirishe. Waliofuata utaratibu huo walipunguza muda uliokuwa ukiliwa na wasiwasi. Mimi naiona siri yake katika huko kuahirisha: mtu hagombani na wazo lake, analipangia zamu. Washauri wengi leo huongeza sharti moja, kwamba mahali hapo pasiwe kitandani.

Ila yapo mawazo yasiyotibika kwa ratiba. Kodi ni kodi, na mwenye nyumba hapangiwi zamu. Hapa somo bora ninalolijua limetoka Mbare, mtaa wa Harare nchini Zimbabwe, ambako daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kazi iliyowaweka mabibi wa mtaani kwenye benchi nje ya zahanati. Shida waliyoilenga Washona huiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi haanzi na mawaidha. Humwacha mgeni wake amwage yote, kisha wanachagua pamoja tatizo moja, moja tu, na kutafuta hatua ambayo mtu huyo anaweza kuichukua kabla hawajaonana tena. Akirudi, anaeleza ilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573 katika zahanati za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa benchini walikuwa na dalili chache zaidi, tena kwa tofauti kubwa, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umekwisha kufika Zanzibar.

Huku Afrika Mashariki wengi tulikutana na ushauri nasaha mara ya kwanza kwenye vituo vya kupima virusi vya ukimwi, tukabaki na picha ya mtu aliyeshika majibu. Mshauri ninayemzungumzia hana majibu mkononi. Huuliza zaidi ya anavyoeleza, hutunza siri, na hukupa kazi ya kufanya nyumbani. Akiona usingizi umepotea kwa wiki nyingi, au mtu anataja kufa, humfikisha hospitali. Anayedai kuyamaliza yote hayo peke yake, tena kwa kikao kimoja, mkimbie.

Sura za kitabu hiki hazihitaji kusomwa kwa mpangilio. Mwenye hamu ya nadharia aanze na ile ya Aaron Beck, ambaye katika miaka ya 1960 aliwafundisha wagonjwa wake kuyadai mawazo yao ushahidi. Asiyelala aanze na sura ya tatu. Nimeiandika fupi kwa makusudi.