Ramani za Hadithi: Kalamu Mpya ya Vijana wa Nakuru

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Katika mchezo ninaotaka kuueleza leo, msimulizi asiye na ramani huumbuka upesi. Jana aliwaambia wenziwe kuwa kutoka ziwani hadi mlimani ni mwendo wa siku tatu, leo amewafikisha kwa nusu siku, na baraza zima linamcheka.

Mchezo wenyewe ulianzia Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa ule uitwao Dungeons & Dragons. Tangu hapo imezaliwa mingi ya namna hiyo. Watu wanne au watano huizunguka meza. Mmoja ndiye msimulizi, naye hutunga nchi, miji, mapango na maadui. Waliobaki huchukua kila mmoja nafsi ya mtu wa hadithini: huyu tabibu, huyu mwindaji, yule mwizi aliyetubu. Msimulizi husema, "Mmefika njia panda, mtafanyaje?" nao hujibu. Hapana mshindi, kinachotafutwa ni kisa kuendelea. Kwetu sisi tuliolelewa kwa ngano za mabibi zetu jambo hili si geni sana. Ugeni wake ni kwamba hapa wasikilizaji nao wanaitia mkono hadithi.

Wala michezo ya kukaa kitako si mipya Nakuru. Nje kidogo ya mji, katika kilima cha Hyrax Hill alichokichimba Mary Leakey mwaka 1937 kutafuta mabaki ya kale, yako mabao yaliyochongwa ndani ya miamba, vishimo vimepangwa safu safu kama vya bao letu.

Ama mimi mchezo huu wa hadithi niliujulia mtaa wa Bondeni, mtaa wa zamani wa Nakuru ambako Waislamu wamekaa vizazi. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alikuwa akitunga safari ya msafara wa pembe za ndovu kutoka pwani hadi Baringo, katika miaka ya 1880. Akaniuliza, "Mjomba, mimi si mchoraji. Nitapata wapi programu nyepesi ya kuchorea ramani?" Tukakaa siku mbili mbele ya kompyuta yake tukizipitia moja moja.

Iko kongwe yao, Campaign Cartographer, iliyotoka Uingereza mwaka 1993. Ina nguvu nyingi, lakini imejengwa juu ya programu ya michoro ya wahandisi, na anayeanza hujikuta akisoma maelekezo badala ya kuchora. Hiyo tuliiweka kando. Inkarnate hufunguliwa katika intaneti: unapaka bahari na nchi kavu kama mtu apakaye rangi ukuta, kisha unabandika picha zilizo tayari za milima, miti na nyumba. Sehemu yake moja ni ya bure na nyingine ya kulipia. Wonderdraft hununuliwa mara moja tu, nayo hufanya kazi hata intaneti ikikatika, jambo ambalo kwa kijana anayehesabu shilingi za bando si dogo. Dungeon Scrawl ni ya mapango na vyumba: unaburuta kipanya, na chumba kinatokea kwa mistari myeusi kama ramani ya fundi mwashi. Na ile iitwayo Azgaar's Fantasy Map Generator, ya bure kabisa, huumba dunia nzima yenyewe, pamoja na mito, mipaka, dola na miji, kazi yako ikabaki kurekebisha.

Wepesi basi upo. Kwa muda wa nusu saa kijana alikuwa na bonde la kupendeza macho. Lakini nilipoitazama vizuri nikaona kuwa bonde lile silo Bonde la Ufa. Milima ilikuwa na theluji, miti ilikuwa misonobari, na pale ambapo pangekuwa na boma la Wamasai palisimama ngome ya mawe yenye bendera. Zana hizi, kwa sehemu kubwa, zimezaliwa na hadithi za Ulaya ya kale, na picha zake za kwanza kukujia mkononi ni za huko.

Majina nayo yana mambo yake. Azgaar ina orodha za majina ya lugha nyingi, ambazo hutumia kutungia majina ya miji, na Kiswahili kimo. Nilifurahi. Lakini nilipoifungua orodha nikakutana na Arua na Adjumani, miji ya kaskazini mwa Uganda, ambayo wenyewe wana lugha zao na hawakutuomba ukoo. Aliyeipanga hakuwa na nia mbaya, bali alikuwa mbali. Na heri yake ni kuwa orodha hiyo yaweza kufutwa na kuandikwa upya na yeyote atakaye.

Hapo ndipo nilipomweleza mpwa wangu habari za Sadi bin Ahedi. Huyu alikuwa mtu wa pande za Gazi, kusini ya Mombasa, aliyezijua njia za misafara. Mmisionari Thomas Wakefield alikaa naye akaandika alichosema, na mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society la London likazichapisha njia hizo pamoja na ramani. Kabla ya Joseph Thomson kupita Naivasha na kufika Baringo mwaka 1883, tena akiwa na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi ile kabla yake, bara hili lilikuwa tayari limo katika vinywa vya watu wa pwani. Walikuwa na ramani, ila ya kusema, kituo kwa kituo. Kalamu ndiyo iliyokuwa mkononi mwa mwingine, na mwenye kalamu huandika kama sikio lake lilivyosikia. Ndiyo maana ziwa ambalo Wamasai huliita Enaiposha sisi sote leo twaliita Naivasha.

Basi nikamhusia mambo matatu. Kwanza, aanze kwa karatasi na penseli, achore njia peke yake. Pili, aandike masafa kwa siku za mwendo na aonyeshe maji, kwani msafara huishi kwa maji: Naivasha na Baringo ni maji baridi ya kunywa, bali Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni ya magadi. Wala asinakili ramani ya leo kibubusa, maana tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda hata likalimeza lango kuu la zamani la mbuga. Tatu, kila jina aliulizie kwa wenyewe kabla hajaliandika.

Alichagua Wonderdraft, kwa kuwa inapokea picha za mtu mwenyewe. Akachora mgunga mmoja kwa mkono, akachora boma na hema la msafara, akavitia ndani, akazing'oa ngome zote. Ramani yake si nzuri kama ile ya kwanza, lakini wenziwe walipokaa mezani hakuna aliyeuliza tuko wapi.

Najua msomaji mmoja atauliza juu ya dadu, maana michezo hii hutumia dadu ya pande 20. Wanavyuoni wengi wameikataza michezo ya dadu, na mwenye shaka amwendee sheikh wake. Vijana wale wa Bondeni wameziacha, msimulizi ndiye akatae au akubali. Ramani haina ubishi huo. Al-Idrisi aliichora dunia huko Sicily mwaka 1154, akaiweka kusini juu, na miji yetu ya Malindi na Mombasa imo katika kitabu chake.

Neno langu la mwisho ni kwa wazee. Wako bado miongoni mwetu waliosikia kwa babu zao majina ya vituo vya njia ya bara, visima, na mahali pa kulala misafara. Majina hayo hayamo katika programu yoyote, na kila jeneza tunalolichukua huondoka na baadhi yake. Kijana akija kukuuliza njia kwa ajili ya mchezo, usimfukuze. Mpe majina, na umhimize ayaandike ulivyoyatamka.