Lubumbashi: Kabla ya kufuta Windows, hakikisha Linux inaiona Wi-Fi ya laptopu yako

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kama zamani. Masahihisho ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi yamekoma, isipokuwa kwa wale walioandikisha kompyuta zao katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi uliwekewa mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026. Mjini Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, habari hiyo inawagusa wanafunzi, walimu na wenye vibanda vya kuchapa na fotokopi. Laptopu nyingi mjini hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11.

Sifa hizo zinajulikana. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu yenye Core i5 ya kizazi cha 4 au cha 6 bado inaweza kuandika TFC, kufungua barua pepe na kuonyesha video bila kulalamika. Hata hivyo, kwa sheria hizo inaachwa nje ya mlango.

Njia iliyobaki, bila kununua mashini mpya, ni Linux. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leo unapatikana katika sura nyingi. Mbili zinazowafaa wanaoanza ni Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22, ambazo zote zitapata masahihisho hadi mwaka 2029 bila kulipa hata franga moja.

Kuiweka Linux kwenye diski si kazi ngumu: mara nyingi nusu saa inatosha. Shida huanza baadaye. Skrini inang'aa vizuri, lakini Wi-Fi haionekani. Au sauti haitoki. Au laptopu ikifunikwa haiamki tena. Mwenye mashini anajikuta hana Windows wala intaneti, huku siku ya kuwasilisha kazi yake chuoni ikikaribia.

Kwa nini kifaa kimoja kinaitika na kingine kinanyamaza

Kila kipande ndani ya laptopu kinahitaji programu ndogo ya kukiongoza. Ndiyo draiva, ambayo waliosoma informatika kwa Kifaransa huiita piloti. Kwenye Windows, kampuni iliyotengeneza kipande ndiyo inayoandika draiva. Kwenye Linux, draiva nyingi ziko tayari ndani ya kiini cha mfumo wenyewe, nazo huandikwa ama na kampuni, ama na watu wa kujitolea. Kampuni ikikataa kueleza kifaa chake kinavyofanya kazi, wa kujitolea hulazimika kubahatisha.

Ugomvi huo ni wa miaka mingi. Mwaka 2012, akiwa mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds aliitukana Nvidia hadharani kwa kutoshirikiana na watu wa Linux. Ilibidi kusubiri hadi Mei 2022 ndipo Nvidia ikatoa wazi sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kiini, na hiyo ni kwa kadi zake za kuanzia mwaka 2018. Broadcom, ambayo chipu zake za Wi-Fi ziko katika laptopu nyingi za zamani, ilifungua draiva ya baadhi ya chipu zake Septemba 2010, na nyingine ikaziacha zimefungwa.

Matokeo yake ni kwamba jina la kampuni nje ya laptopu halitoshi kumwambia mnunuzi chochote. Chipu ya Broadcom BCM4313 ina draiva ya wazi ndani ya Linux. Chipu ya BCM43142, ya kampuni ileile, inadai draiva iliyofungwa ambayo huongezwa kando. Laptopu mbili zinazofanana kwa rangi na jina zinaweza kutofautiana hapo tu.

Saa moja ya kujaribu

Jambo zuri ni kwamba Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski hata kidogo. Flashi ya giga 8 inatosha. Faili la Linux Mint lina karibu giga 3, la Ubuntu linakaribia giga 6. Kwa mtu anayenunua mega kila siku, ni bora mmoja apakue na wengine wanakili kutoka kwake. Programu ya Rufus, inayotumika ndani ya Windows, ndiyo inayoandaa flashi hiyo. Baada ya hapo laptopu inawashwa upya na kuelekezwa ianzie kwenye flashi.

Mfumo ukishafunguka, kila kipande kijaribiwe. Je, alama ya Wi-Fi inaorodhesha mitandao ya jirani? Bluetooth inaiona simu? Sauti inatoka kwenye spika na pia kwenye vifaa vya masikioni? Maikrofoni inarekodi? Kamera inafunguka? Kamera ni nadra kusumbua, kwa sababu nyingi zinafuata kanuni moja ya USB inayoeleweka na mifumo yote. Vibonye vya kupunguza mwanga wa skrini navyo vibonyezwe.

Jaribio hilohilo linawezekana dukani au sokoni kabla ya kutoa pesa. Muuzaji anayekubali kuwasha laptopu ili kuonyesha kwamba ni nzima hana sababu ya kukataa flashi isiyobadilisha kitu. Anayelipa bila kujaribu ananunua mbuzi kwenye gunia.

Wi-Fi kwanza, mengine baadaye

Katika vyote, Wi-Fi ndiyo mlango, kwa sababu dawa za shida nyingine hupatikana kupitia intaneti. Ikiwa haionekani, hatua ya kwanza ni kufungua dirisha la amri na kuandika lspci -nnk. Orodha itakayotokea inaonyesha kila kipande, namba yake, na draiva inayokiongoza. Namba inayoanza na 8086 ni ya Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros na 14e4 ni Broadcom. Ikiwa chini ya mstari wa Wi-Fi hakuna maneno «Kernel driver in use», basi kifaa kinaonekana lakini hakina wa kukiongoza. Namba hiyo, kwa mfano 14e4:4365 ya BCM43142, ndiyo ya kuandika kwenye karatasi na kumpelekea fundi. Inamsaidia kuliko maelezo marefu.

Intaneti ya kutafutia dawa inaweza kutoka kwenye simu. Simu ya Android ikiunganishwa kwa kebo ya USB, kisha sehemu ya «Partage de connexion» ikawashwa kwa upande wa USB, Linux huiona kana kwamba ni waya wa kawaida wa mtandao. Kabla ya kuanza, ni vizuri kuzima masahihisho ya kujiendesha, la sivyo mega zote zitaliwa kabla draiva haijapatikana. Linux Mint ina faida nyingine: draiva za Broadcom zimo ndani ya flashi yenyewe, na sehemu iitwayo Driver Manager inaweza kuzichukua humo bila intaneti.

Hapo kuna mtego mmoja unaowakwamisha wengi. Laptopu ikiwa na ulinzi wa Secure Boot, draiva inayoongezwa kando hukataliwa mpaka mwenye mashini aikubali. Wakati wa kuiweka, mfumo unaomba neno la siri. Laptopu ikiwashwa upya, ukurasa wa bluu unatokea kwa sekunde chache. Hapo lazima kuchagua «Enroll MOK» na kuandika neno lile. Anayeuruka ukurasa huo atakuta draiva imewekwa lakini Wi-Fi bado imekufa, na ataamini kwamba Linux ndiyo mbaya.

Si kila ushauri wa zamani bado ni halali. Chipu ya Realtek RTL8821CE, ambayo zamani ilidai kutengenezewa draiva kwa mkono, imeingizwa katika kiini cha Linux tangu mwaka 2020. Debian nayo, baada ya kura ya wanachama wake Oktoba 2022, ilianza kuweka ndani ya flashi yake programu zilizofungwa ambazo chipu nyingi za Wi-Fi zinazihitaji ili ziamke. Toleo la kwanza lenye mabadiliko hayo, Debian 12, lilitoka Juni 2023.

Ikiwa chipu imekataa kabisa, inaweza kung'olewa na kuwekwa ya Intel, au kuongezwa kifaa kidogo cha USB chenye chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaijua vizuri. Kuna onyo moja: baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikiona kadi ya Wi-Fi isiyo katika orodha yao. Fundi aulizwe hilo kabla ya kununua kadi.

Umeme, kibodi na printa

Katika mji ambako umeme wa SNEL hukatika, betri na usingizi wa laptopu si mambo madogo. Linux ikishawekwa, laptopu ifunikwe kwa dakika kumi bila chaji, kisha ifunguliwe. Ikiamka na kazi zote zikiwa mahali pake, ni salama. Ikibaki na skrini nyeusi, mara nyingi tatizo liko kwenye kadi ya Nvidia au kwenye aina ya usingizi iliyochaguliwa katika BIOS. Programu ya TLP, ambayo ni ya bure, husaidia kupunguza ulaji wa betri.

Kibodi nayo ina hadithi yake. Wengi Kongo wamezoea AZERTY, lakini laptopu zinazotoka Dubai au Afrika Kusini huja na QWERTY. Hata AZERTY si moja: ya Ubelgiji inatofautiana na ya Ufaransa katika alama kadhaa. Mtu akichagua isiyo yake wakati wa kuweka mfumo, anaweza kuandika neno la siri ambalo kesho yake hataweza kulirudia. Ajaribu kwanza kuandika alama ya @ na herufi zenye nukta na mikato mahali panapoonekana.

Kwa vibanda vya fotokopi, swali kubwa ni printa. Nyingi za HP zinaongozwa na programu ya HPLIP, ingawa baadhi hudai faili la ziada kutoka intaneti. Printa ndogo za leza za Canon mara nyingi zinahitaji draiva ya Canon yenyewe. Printa mpya zinazokubali kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu kwa kawaida hukubali na Linux pia. Kisomea alama za vidole ndicho kifaa kinachoshindwa mara nyingi, lakini neno la siri linachukua nafasi yake.

Usifute kabla ya kunakili

Kosa lisilo na dawa ni kufuta diski yenye kazi ya miaka. TFC, mémoire, picha na hesabu za duka zinakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, kisha mafaili mawili matatu yafunguliwe humo kuhakikisha ni mazima. Anayetaka kubaki na mifumo yote miwili azime kwanza BitLocker, pamoja na «uwashaji wa haraka» wa Windows. Na ikiwa Linux haiioni diski kabisa, mara nyingi BIOS imeiweka katika hali ya Intel RST badala ya AHCI. Kubadilisha hali hiyo ovyo kunaweza kuizuia Windows isiwake, hivyo ni kazi ya anayejua.

Tena Linux haimfai kila mtu. AutoCAD haina toleo la Linux, na programu kadhaa za uhasibu na za migodi ni za Windows peke yake. Mhandisi anayezitegemea kila siku asihame. Lakini kwa anayeandika, anayesoma na anayetuma barua, LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel. Kiswahili nacho si kigeni katika ulimwengu huo: mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Lubumbashi haikosi watu wa kusaidia. Ina UNILU, ina ESIS Salama inayofundisha informatika, na ina mafundi katika kila komini. Kinachotakiwa kwa mwenye laptopu ni kufika kwao akiwa na mambo matatu: mafaili yake yamenakiliwa, namba ya chipu ya Wi-Fi imeandikwa kwenye karatasi, na orodha ya vipande vilivyofanya kazi na visivyofanya kazi wakati wa jaribio la flashi. Hapo fundi ataweza kumwambia, kabla ya kupokea pesa, kama laptopu hiyo ni ya kuhamishiwa Linux au ni ya kuachwa ilivyo.