Harufu Hii Inatoka Wapi?

Leo tutafute mvuke wa kemikali ndani ya nyumba.

Pua huzoea harufu upesi. Kwa hivyo toka nje dakika chache, kisha rudi unuse kila pembe. Chini ya kitanda kuna mtungi wa mafuta ya taa? Mkebe wa rangi au tapentaini? Hivi hutoa mvuke hata visipotumiwa. Vifunike vizuri, uvitoe chumba cha kulala, mbali na watoto.

Sasa fungua sanduku la nguo. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu hugeuka polepole kuwa mvuke unaoingia nguoni. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD katika damu, hasa sehemu zenye malaria nyingi, na mvuke huo unaweza kuharibu damu yao. Usiviweke kamwe penye nguo za mtoto. Ukiona macho yake ni ya manjano au mkojo umekuwa mweusi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na jiko la makaa? Hapo pua haikusaidii: hewa yake ya sumu haina harufu. Usilale nalo ndani, hata likiwa halitoi moshi.